Upanuzi otomatiki (kompyuta)

Upanuzi otomatiki ni mbinu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuongeza au kupunguza nguvu zake wenyewe kadiri kazi inavyozidi au kupungua, bila kungoja mtu atoe amri kila mara. Mbinu hiyo hutumika hasa katika klasta za kontena, yaani makundi ya seva zinazoendesha programu zilizofungwa katika vifurushi vinavyojitegemea. Programu inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Kubernetes.

Upanuzi otomatiki una malengo mawili. La kwanza ni kuhakikisha watumiaji wanahudumiwa hata wakija wengi kwa pamoja, kwa mfano siku ya kutangazwa matokeo ya mtihani au siku ya mwisho ya kutuma maombi ya mkopo. La pili ni kuepuka gharama ya kuwasha mashine nyingi wakati ambapo hazina kazi.

## Dhana za msingi

Seva ni kompyuta inayotoa huduma kwa kompyuta nyingine kupitia mtandao. Mtu anapofungua tovuti kwenye simu, simu hutuma ombi kwa seva, na seva hurudisha ukurasa. Kila ombi hutumia sehemu ndogo ya muda wa kichakataji na sehemu ndogo ya kumbukumbu. Maombi yakizidi uwezo wa seva huanza kupanga foleni. Foleni ikirefuka mno, simu huacha kungoja na kuonyesha ujumbe wa kosa.

Kontena ni kifurushi chenye programu pamoja na vitu vyote inavyohitaji ili ifanye kazi. Jina limetokana na makasha ya chuma ya bandarini: kasha lilelile hupakiwa melini, kwenye treni au kwenye lori bila kufunguliwa. Vivyo hivyo, kontena ya programu huweza kuendeshwa kwenye seva mbalimbali bila kubadilishwa. Kontena nyingi hukaa ndani ya seva moja, kila moja ikiwa na mgawo wake wa kichakataji na kumbukumbu. Kwa kawaida kontena huanza kazi ndani ya sekunde chache, na kwa sababu hiyo inafaa sana kwa upanuzi wa haraka.

Katika Kubernetes, kontena huwekwa ndani ya *podi*, ambayo ndiyo sehemu ndogo kabisa inayoendeshwa na mfumo. Seva inayobeba podi huitwa *nodi*, na nodi zote kwa pamoja ni *klasta*. Podi zinazofanya kazi ileile huitwa *nakala*. Mbele ya nakala hizo kuna kigawa mzigo, kinachopokea maombi na kuyasambaza ili nakala moja isilemewe huku nyingine zikikaa bure.

## Mfano wa kivuko

Mdomoni mwa Mto Pangani, kusini mwa jiji la Tanga, kwa miaka mingi watu na magari wamevushwa kwa kivuko kati ya mji wa Pangani na Bweni, ng'ambo ya pili ya mto. Huduma hiyo inaweza kueleza karibu kila jambo linalohusu upanuzi wa mifumo ya kompyuta.

Wasafiri wakizidi, kuna njia mbili za kuwahudumia. Moja ni kuondoa kivuko kilichopo na kuleta kikubwa zaidi. Hiyo inalingana na *upanuzi wa wima*. Nyingine ni kuongeza kivuko cha pili kinachofanana na cha kwanza. Hiyo inalingana na *upanuzi wa mlalo*.

Kivuko cha pili hakianzi kazi papo hapo: mabaharia lazima waitwe na injini iwashwe, na wakati huo foleni inaendelea kurefuka. Tena, hata vikiletwa vivuko kumi, gati ni lilelile, na vivuko vyote vitasubiriana kushusha na kupakia. Mwishowe wasafiri wakipungua, kuzungusha vivuko viwili vitupu ni kuchoma mafuta bure. Lakini kukiondoa kimoja kila foleni inapokatika kwa dakika moja si busara pia, kwa kuwa basi lililojaa abiria huenda likatokea muda mfupi baadaye.

Mambo hayo manne, yaani kuchagua njia ya kuongeza uwezo, muda wa kuanza, kikwazo kilicho nyuma na wakati wa kupunguza, ndiyo yanayowashughulisha wahandisi wa upanuzi otomatiki.

## Historia

Zamani kila huduma ilikuwa na seva zake. Taasisi ilikadiria siku yake yenye kazi nyingi kuliko zote, ikanunua mashine za kutosha siku hiyo, na sehemu kubwa ya mwaka mashine hizo zilikuwa na kazi kidogo tu.

Mwaka 2006 kampuni ya Amazon ilianza kukodisha seva za mtandaoni kwa saa kupitia huduma iitwayo EC2. Huduma hiyo ina asili ya Kiafrika kwa kiasi fulani, kwa kuwa ilibuniwa na kikundi cha wahandisi waliofanya kazi Cape Town, Afrika Kusini, wakiongozwa na Chris Pinkham. Mwaka 2009 Amazon iliongeza huduma ya kuwasha na kuzima seva hizo kiotomatiki. Hata hivyo seva nzima huchukua dakika kadhaa kuwa tayari, hivyo upanuzi wa wakati huo ulikuwa wa polepole.

Wakati huohuo wahandisi wa Google waliandika sehemu ya mfumo wa uendeshaji wa Linux inayogawa kichakataji na kumbukumbu kwa kila kundi la programu. Iliingizwa rasmi katika Linux mwaka 2008. Mwaka 2013 programu iitwayo Docker ilirahisisha utengenezaji wa kontena kiasi kwamba zilienea haraka duniani.

Kubernetes ilitangazwa na Google mnamo Juni 2014, ikiwa programu huria iliyotokana na uzoefu wa mfumo wao wa ndani ulioitwa Borg. Toleo la 1.0 lilitoka Julai 2015, na upanuzi otomatiki wa podi uliingizwa katika toleo la 1.1 mwishoni mwa mwaka huohuo. Jina Kubernetes ni la Kigiriki na maana yake ni mshika usukani wa chombo. Nembo yake ni usukani wa meli.

Jaribio lililojulikana sana lilikuja Julai 2016, mchezo wa simu wa Pokémon GO ulipozinduliwa ukiendeshwa kwenye klasta za Kubernetes za Google. Kwa maelezo ya Google, watengenezaji walikuwa wameweka makadirio ya kawaida, na kwa tahadhari wakaweka makadirio ya hali mbaya yaliyokuwa mara 5 ya yale ya kawaida. Watumiaji waliokuja walileta mzigo wa takriban mara 50.

## Aina

* Upanuzi wa mlalo wa podi huongeza au kupunguza idadi ya nakala. Ndio unaotumika zaidi, na unafaa kwa huduma ambazo ombi lolote linaweza kujibiwa na nakala yoyote.
* Upanuzi wa wima wa podi hubadilisha mgawo wa kichakataji na kumbukumbu wa kila podi. Unafaa kwa programu zisizoweza kugawanywa katika nakala nyingi. Kwa kawaida podi huanzishwa upya ili ipate mgawo mpya.
* Upanuzi wa klasta huongeza au kupunguza nodi zenyewe. Podi mpya ikikosa nafasi katika nodi zilizopo, kipanuzi cha klasta huomba seva nyingine kutoka kwa mtoa huduma za wingu. Nodi iliyokaa kwa dakika 10 ikiwa imetumika chini ya nusu huweza kuondolewa, kama podi zake zinaweza kuhamishiwa kwingine.
* Upanuzi kwa matukio hutazama foleni ya kazi zinazosubiri. Programu huria iitwayo KEDA, iliyoanzishwa na Microsoft na Red Hat mwaka 2019, hufanya kazi hiyo, na inaweza kushusha idadi ya nakala hadi sifuri wakati ambapo hakuna kazi kabisa.

Aina hizo hutumika pamoja. Ya mlalo ikiongeza podi mpaka nafasi ikaisha, ya klasta huongeza nodi ili podi zipate pa kukaa.

## Kanuni ya hesabu

Kipanuzi cha mlalo cha Kubernetes hufuata hesabu ya uwiano:

idadi mpya ya nakala = idadi ya sasa × (kipimo cha sasa ÷ kipimo kinacholengwa)

Jibu likiwa na sehemu, huongezwa hadi namba nzima inayofuata. Kwa mfano, huduma ina nakala 4, na msimamizi ameweka lengo kwamba kila nakala itumie asilimia 60 ya kichakataji ilichogawiwa. Kipimo kikionyesha asilimia 90, hesabu ni 4 × (90 ÷ 60) = 6, hivyo nakala 2 huongezwa. Jioni huduma ikiwa na nakala 10 na kila moja inatumia asilimia 20, hesabu ni 10 × (20 ÷ 60) = 3.33, hivyo hubaki nakala 4.

Hesabu hiyo hurudiwa kila baada ya sekunde 15, isipokuwa msimamizi akibadilisha. Ili mfumo usiyumbeyumbe, kuna vizuizi vitatu:

1. Tofauti ndogo hupuuzwa. Kipimo kikiwa ndani ya asilimia 10 ya lengo, hakuna kinachobadilishwa.
2. Kuongeza hufanywa haraka, kupunguza hufanywa polepole. Kabla ya kupunguza, kipanuzi hutazama mapendekezo ya dakika 5 zilizopita na kufuata lililo kubwa kuliko yote.
3. Msimamizi huweka idadi ya chini na idadi ya juu. Kipanuzi hakivuki mipaka hiyo.

Lengo huwekwa chini ya asilimia 100 kwa makusudi. Nafasi inayobaki ni akiba ya kubeba mzigo wakati nakala mpya zinaanza.

## Uchaguzi wa kipimo

Hesabu ya uwiano ni nzuri kwa kadiri kipimo kilivyo kizuri, na kosa la kawaida ni kutegemea kichakataji peke yake. Kivuko kilichojaa kinaonyesha kwamba kimejaa, lakini hakionyeshi ni watu wangapi waliobaki ng'ambo.

Tuchukue mfano wa kubuni wa tovuti ya matokeo. Kila nakala hujibu maombi 200 kwa sekunde inapotumia asilimia 60 ya kichakataji, na haiwezi kuzidi mgawo wake, hivyo kwa asilimia 100 hujibu takriban maombi 333. Asubuhi kuna nakala 2. Matokeo yanatangazwa, na ghafla yanakuja maombi 8,000 kwa sekunde. Nakala zinazohitajika ni 8,000 ÷ 200 = 40.

Kipanuzi kinachotazama kichakataji hakiijui namba hiyo. Kinaona asilimia 100 tu, hivyo kila mara kinazidisha kwa 100 ÷ 60:

| Hatua | Nakala kabla | Kipimo kilichoonekana | Nakala baada |
|---|---|---|---|
| 1 | 2 | 100% | 4 |
| 2 | 4 | 100% | 7 |
| 3 | 7 | 100% | 12 |
| 4 | 12 | 100% | 20 |
| 5 | 20 | 100% | 34 |
| 6 | 34 | takriban 71% | 40 |

Hatua hizo sita zinahitaji angalau dakika moja na nusu, na kwa kweli huzidi, kwa sababu kila nakala mpya ina muda wake wa kuanza na vipimo vyenyewe huchelewa kufika. Katika sekunde 15 za kwanza pekee, nakala 2 hujibu takriban maombi 667 kati ya 8,000 kila sekunde. Hivyo takriban maombi 110,000 hubaki yakisubiri au hukataliwa. Hali halisi huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mtu aliyekosa ukurasa hubonyeza tena na tena, na kila mbonyezo ni ombi jipya.

Kipanuzi kinachohesabu maombi yanayofika hujua mara moja kwamba nakala 40 zinahitajika. Hata hivyo, kwa mpangilio wa kawaida wa Kubernetes, katika kila sekunde 15 nakala haziwezi kuongezeka kupita mara mbili ya zilizopo au kupita nakala 4, kutegemea ipi ni kubwa. Hivyo kitapita 6, 12, 24 na kufika 40 kwa hatua nne badala ya sita. Msimamizi anaweza kulegeza kizuizi hicho.

## Mipaka

Kanzidata. Nakala za tovuti ni rahisi kuongeza kwa sababu hazihifadhi kitu. Kanzidata ni tofauti: kumbukumbu za watu lazima ziwe sahihi na zifanane kila mahali, hivyo haziwezi kunakiliwa ovyo. Nakala 40 za tovuti zikiuliza maswali kanzidata moja iliyozoea nakala 2, kanzidata ndiyo itakayozimika. Hilo ndilo gati katika mfano wa kivuko. Katika hali hiyo kuongeza nakala huharakisha kuanguka kwa mfumo.

Muda. Kontena huanza kwa sekunde, lakini nodi mpya kwa kawaida huhitaji dakika. Mzigo unaopanda ndani ya sekunde 10 hauwezi kusubiri nodi.

Mashine zilizopo. Upanuzi wa klasta unahitaji mahali pa kukodi seva. Taasisi yenye seva zake yenyewe ina idadi maalumu ya mashine. Hapo upanuzi otomatiki unaweza tu kugawa upya kilichopo, kwa mfano kusimamisha kazi za kuandaa ripoti ili huduma ya wananchi ipate nafasi.

Gharama. Mfumo hautofautishi kati ya umati wa wanafunzi na shambulio la wahalifu wanaotuma maombi ya uongo. Kote kuwili hupanuka, na ankara hupanda. Idadi ya juu huwekwa kwa sababu hiyo.

Njia ya mtandao. Seva nyingi hazisaidii kama barabara ya kuzifikia imekatika. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Huduma zilizokuwa kwenye seva za nje ya nchi zilikuwa ngumu kufikiwa, hata kama seva zenyewe zilikuwa nzima na zenye nafasi.

## Umuhimu kwa Afrika Mashariki

Huduma nyingi za umma katika eneo hili zina mzigo wa msimu: siku chache zenye umati mkubwa na miezi mingi ya utulivu. Nchini Tanzania, Baraza la Mitihani (NECTA) hutoa matokeo kwenye tovuti. Katika miaka ya karibuni watahiniwa wa kidato cha nne wamezidi nusu milioni kwa mwaka, na wa darasa la saba wamezidi milioni moja. Kila mtahiniwa ana wazazi, ndugu na walimu wanaotaka kuona matokeo saa ileile. Zamani mwanafunzi wa Mwera au Mkwaja wilayani Pangani alisubiri orodha ifike shuleni. Leo anasubiri ukurasa ufunguke kwenye simu, mara nyingi simu ya kuazima yenye kifurushi kidogo cha data. Ukurasa ukikataa mara tano, salio linaweza kuisha kabla ya jibu kupatikana.

Msongamano wa namna hiyo hutokea pia katika maombi ya mikopo ya elimu ya juu, udahili wa vyuo, malipo ya kodi karibu na tarehe ya mwisho na malipo kwa simu mwisho wa mwezi.

Uchaguzi wa mahali pa kuweka mfumo una faida na hasara. Vituo vikubwa vya huduma za wingu barani viko hasa Afrika Kusini: Microsoft ilifungua vyake mwaka 2019, Amazon ilifungua Cape Town mwaka 2020, na Google ilifungua Johannesburg mwaka 2024. Huko seva za kukodi ni nyingi, lakini data husafiri mbali, malipo huhesabiwa kwa dola, na taarifa za watu zinapotoka nchini hutawaliwa na sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kuweka mfumo ndani ya nchi, kama katika Kituo cha Taifa cha Data kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, hupunguza matatizo hayo, lakini idadi ya mashine ina mwisho.

## Njia zinazosaidia upanuzi

Siku ya matokeo haiji kama mvua ya ghafla. Anayetangaza anajua saa atakayotangaza. Kwa hiyo njia ya kwanza ni kuongeza mapema: idadi ya chini ya nakala hupandishwa, kwa mfano kutoka 2 hadi 40, saa moja kabla ya tangazo, kisha hurudishwa umati ukipungua. Kazi hiyo inaweza kupangwa kwa ratiba, na kipanuzi hubaki kwa ajili ya yale yasiyotarajiwa.

Njia ya pili ni kurasa zilizoandaliwa tayari. Matokeo yakishatangazwa hayabadiliki kila dakika. Ukurasa wa kila shule ukitengenezwa mara moja na kuhifadhiwa, seva hautafuti tena katika kanzidata. Huutoa tu kama ulivyo. Ukurasa mwepesi wa maandishi huhitaji nguvu ndogo sana, na nakala zake zinaweza kuwekwa katika seva nyingi zilizo karibu na watumiaji.

Njia ya tatu ni foleni ya wazi. Kwa huduma zinazoandika taarifa mpya, kama maombi ya mkopo, ombi hupokelewa, mwombaji hupewa namba ya kumbukumbu, na kazi hufanywa baadaye kwa zamu. Anayejua kwamba ombi lake limepokelewa habonyezi tena.

Njia ya nne ni kujaribu kabla. Wahandisi hutuma maombi ya bandia kwa wingi unaotarajiwa ili waone ni sehemu gani itakayolemewa kwanza. Jaribio hilo huonyesha mapema kama tatizo liko kwenye nakala, ambazo upanuzi otomatiki unaweza kuziongeza, au liko kwenye kanzidata na njia ya mtandao, ambako hauna msaada.